Mama ana dawa tisa kutoka kwa madaktari watatu: nani wa kuzipanga?

BintiWaPongwe

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mwenye uelewa wa dawa anisaidie, maana nimefika mwisho.

Mama yangu ana miaka 67, tunaishi nje kidogo ya mji wa Tanga. Presha anayo tangu 2011, sukari iligundulika 2017. Mimi nilikuwa kazini Dodoma, nimerudi nyumbani mwezi wa pili, ndipo nikaona hali yenyewe. Kwenye kabati la vyombo kuna kopo la maziwa ya unga, hilo ndilo duka la dawa la mama. Jana nimelimwaga lote mezani nikaandika kimoja kimoja:

Amlodipini 10, asubuhi.
Losartani 50, usiku.
Kidonge kingine cha presha, kipana, jina la kampuni silijui, asubuhi.
Metformini 500, asubuhi na usiku.
Glibenklamaidi 5, asubuhi.
Furosemaidi 40, asubuhi, ya miguu kuvimba.
Diklofenaki 50, mara tatu, ya magoti.
Omeprazoli 20, ya tumbo.
Aspirini ndogo, usiku.

Kliniki ya presha na sukari anakwenda kila mwezi. Kwa magoti anakwenda zahanati nyingine karibu na sokoni. Na kuna daktari wa tatu, wa jioni, ambaye shangazi alimpeleka miguu ilipoanza kuvimba. Kila mmoja anaandika chake na hakuna aliyemuuliza mwenzake kaandika nini.

Kinachonitisha ni hiki. Mama akishaswali alfajiri anameza za asubuhi zote kwa chai ya rangi, kisha anaingia bustanini kwenye mchicha wake. Chakula ni saa tano. Wiki iliyopita mara mbili, kabla hajala, ametokwa na jasho mpaka kanga ikalowa, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Jirani ana mashine ya sukari, ikasoma 3.1. Tukampa soda, akarudi. Presha nayo kliniki ya mwisho ilikuwa 168/94, pamoja na vidonge vyote hivi. Yeye anasema "hizi dawa ndizo zinazonimaliza", na kuna siku anaziacha zote.

Nilimuomba dada wa dirisha la dawa aziangalie. Foleni ilikuwa hadi nje, akaniambia tumwone daktari tarehe ya kliniki. Tarehe yenyewe ni wiki tatu zijazo. Swali langu: mfamasia anaruhusiwa kukaa na mgonjwa wa nje akazipitia dawa zake zote? Au nitakuwa namsumbua mtu kwa kazi isiyo yake?

Mzee wa Korogwe

Pole binti yangu. Mimi ushauri wangu ni mmoja, rudi kwa daktari. Mfamasia kasomea dawa, hakusomea ugonjwa wa mama yako. Huyu akipunguza, yule akaongeza, anayeumia ni mgonjwa. Mimi mwenyewe nina presha mwaka wa ishirini huu, dirishani napokea, nasaini, naondoka. Sijawahi kuulizwa kitu na sijawahi kuuliza.

Mfamasia Moro

Mdogo wangu pole sana, na mama mpe pole zangu. Nimekaa dirisha la wagonjwa wa nje miaka 16, kwa sasa niko Morogoro. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu kopo hilo nimeshalikuta kwa watu wengi mno.

Kwanza lisilosubiri. Ile 3.1 ni hatari, na usingoje wiki tatu. Kesho asubuhi mpeleke, na mapokezi uwaambie jambo moja tu: sukari imeshuka mara mbili kwa wiki moja. Ninayemshuku ni glibenklamaidi. Dawa hii hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Mama anaimeza alfajiri kwa chai ya rangi, analima, anakula saa tano. Hapo katikati sukari inateremka na hakuna cha kuizuia. Kwa mtu wa umri wake dawa hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikiwa zimechoka hukaa zaidi. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imesema wazi kwamba glibenklamaidi haiwafai waliozidi miaka 60. Katika kundi hilo la dawa wanaitaja gliklazaidi. Kesho asiimeze kabla daktari hajamwona. Ikimshukia tena chini ya 3.9, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, subirini dakika 15, mpime tena, kisha ale chakula chenyewe. Na siku hiyo asiachwe peke yake, kwa sababu kwa dawa hii sukari huweza kushuka tena saa nyingi baadaye. Akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni.

La pili, shika kile kidonge kipana usome maandishi madogo chini ya jina la kampuni. Nahisi utakuta losartani pamoja na haidroklorothiazaidi. Kama ndivyo, mama anameza losartani mbili kwa siku, ya kliniki na ya daktari wa jioni, na hakuna kati yao anayelijua hilo. Majina ya juu yanatofautiana, rangi zinatofautiana, na mgonjwa anaamini ni dawa mbili.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, dawa kuzaa dawa. Amlodipini, hasa ikiwa 10, huvimbisha miguu. Hayo si maji ya moyo wala ya figo, ni kazi ya dawa yenyewe kwenye mishipa midogo. Miguu ikavimba, akaandikiwa furosemaidi ya kutoa maji. Tumbo likauma kwa diklofenaki, akaandikiwa omeprazoli. Vidonge viwili hivyo vimekuja kutibu vidonge vingine viwili. Na diklofenaki mara tatu kwa siku inapandisha presha. Kwa hiyo ile 168 usishangae, upande mmoja wanaishusha, upande wa pili magoti yanaipandisha. Halafu diklofenaki, losartani na dawa ya kutoa maji vikikutana mwilini kwa mzee, figo ndizo zinazolipa. Diklofenaki aiache leo hii, ameze panadoli mbili maumivu yakizidi, mpaka aonwe. Metformini asiimeze kabla ya kula, aimeze chakula kikiwa tumboni. Nyingine asiziache kwa uamuzi wake.

Sasa Mzee wangu wa Korogwe, shikamoo. Nusu ya maneno yako nakubali. Hapa kwetu mfamasia hakibadilishi cheti cha daktari kwa mkono wake, na asithubutu. Lakini kuzitandaza dawa zote za mgonjwa, kuona zinazogongana, zinazojirudia na zisizomezwa, kisha kumpigia daktari au kumwandikia, hiyo ni kazi yetu kabisa. Tumeisomea miaka minne na mwaka mmoja wa vitendo. Daktari wa magoti anaona magoti. Daktari wa presha anaona presha. Kopo zima halimfikii yeyote, isipokuwa mtu alipeleke kwetu.

Nami sikulijua hili chuoni. Nilifundishwa na dereva mmoja wa basi la Morogoro kwenda Dodoma. Alikuja dirishani kwangu kila mwezi kwa miaka miwili. Presha 180 na kitu, daktari anaongeza dawa, mimi nahesabu vidonge, nampa. Dawa tatu zikawa nne. Siku moja, hakukuwa na foleni, mvua ilikuwa inanyesha, nikamwambia safari ijayo aniletee dawa zote zilizoko nyumbani. Akaja na kikapu. Mle ndani haidroklorothiazaidi ilikuwa haijaguswa, karatasi za miezi kumi na moja. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Dada, ile inanikojoza. Nina abiria sitini na kituo hakuna mpaka Gairo." Miaka miwili, na hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Tukazungumza na daktari, tukahamishia kidonge saa kumi jioni akishafika na kupumzika. Mwezi wa tatu presha yake ilikuwa 138. Hakuongezewa kitu, tulimpunguzia kimoja. Mpaka leo nikikumbuka kwamba ile dawa nilikuwa nampa kwa mikono yangu, mwezi baada ya mwezi, bila kumtazama usoni, roho inaniuma.

Tangu siku hiyo siulizi "unameza dawa?" Kila mtu atasema namezaga. Nauliza, "Wiki iliyopita zilikupita siku ngapi?" Na namwambia, "Nionyeshe unavyomeza." Hapo ndipo utaona mambo. Sisi tunaandika 1×2 kwenye bahasha, yaani kimoja mara mbili kwa siku. Mgonjwa anameza viwili kwa pamoja asubuhi, kwa sababu ndivyo alivyosoma. Tunaandika "kutwa mara mbili". Bibi mmoja wa Matombo alikuwa anameza metformini saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Nilipomuuliza mbona hiyo ya pili si usiku, alinijibu kwa utulivu, "Mwanangu, umeandika kutwa. Usiku si kutwa." Na yeye ndiye mwenye Kiswahili sahihi, mimi ndiye niliyeandika ovyo. Siku hizi nachora jua na mwezi juu ya boksi na kuandika "baada ya ugali wa usiku".

Wapo na mume na mke wenye presha wote wawili, mmoja ana bima, mwenzake hana. Dawa za mmoja wanagawana. Mtu akimeza nusu dozi daktari anaona presha haishuki, anaongeza. Huwezi kulijua hilo kwa mashine ya presha, unalijua kwa kuuliza kwa upole, mlango ukiwa umefungwa.

Kuna utafiti wa Los Angeles uliochapishwa 2018 ambao huwa nawasimulia wanafunzi wangu wa vitendo. Waliwachukua wanaume weusi 319 wenye presha ya juu, wateja wa maduka 52 ya vinyozi. Kundi moja lilifuatwa na mfamasia palepale kwenye kiti cha kinyozi, akiwa na makubaliano na madaktari wao, anapima, anaandika dawa, anarekebisha. Kundi la pili kinyozi aliwahimiza waende kwa daktari. Baada ya miezi sita namba ya juu ya presha ilishuka kwa 27 kwa kundi la mfamasia, na kwa 9 tu kwa lile lingine. Dawa zenyewe si za ajabu, amlodipini ilikuwamo. Kilichozidi ni mtu kufuatwa alipo na kurekebishiwa mapema, kabla mwezi haujapita.

Kwako, fanya hivi. Kesho ni dharura ya sukari. Hilo likitulia, rudi na kopo lote siku isiyo ya kliniki, kama saa nane mchana foleni ikiwa imekwisha. Usimuulize yeyote aliyeko dirishani. Sema namuomba mfamasia, tunataka kupitiwa dawa zote za mama. Beba daftari la kliniki na majibu ya vipimo, hasa kreatinini, kile kipimo cha figo, na ile sukari ya miezi mitatu. Beba na mitishamba kama anatumia, mlonge, shubiri, chochote, na umwambie mama hatagombezwa. Dada wa dirishani usimchukie. Asubuhi ya kliniki watu wamejaa mpaka kwenye ngazi na hawezi kukaa na mmoja dakika ishirini.

Mzee wa Korogwe

Marahaba mwanangu. Nimesoma yote. Huyo dereva amenigusa, maana na mimi ile ya kukojoza siku za safari naiacha. Sijawahi kumwambia mtu.

Kaka wa Igoma

Niongeze langu kutoka Mwanza. Mimi natumia dawa za CTC, kliniki ya wenye VVU, sifichi, humu hatujuani sura. Pale CTC nikichelewa siku mbili napigiwa simu. Wananiuliza nimebakiza vidonge vingapi. Hali yangu imetulia, napewa dawa za miezi sita kwa mkupuo, naendelea na kazi zangu za samaki. Miaka minne iliyopita nikapata na sukari. Jengo ni jirani, hatua thelathini, lakini kule nikawa mtu mwingine kabisa. Kila mwezi foleni, na hakuna anayejua kwamba hapa jirani nina jalada.

Nikaandikiwa metformini ikapandishwa mpaka gramu mbili kwa siku. Nikaanza kuharisha, miezi mitatu, nimekonda, mtaani wakaanza kunitazama kwa jicho lile tunalolijua wenyewe. Nilidhani dawa zangu za CTC zimekataa kufanya kazi. Aliyelimaliza ni mfamasia wa CTC, kijana mdogo tu. Alikuwa anahesabu vidonge vyangu akaniuliza, "Kaka, kuna dawa nyingine yoyote unameza nje ya hapa?" Nikamtajia. Akaniambia dolutegraviri, ambayo imo ndani ya kidonge changu, inaipandisha metformini kwenye damu, na kwa mtu kama mimi metformini haitakiwi kuzidi gramu moja kwa siku. Akaandika karatasi, akanisindikiza mwenyewe zile hatua thelathini mpaka kwa daktari wa sukari. Wiki mbili tumbo likatulia.

Ndiyo maana nasema, utaratibu wenyewe tayari tunao na unafanya kazi. Kuhesabiwa vidonge, kupigiwa simu, kupewa dawa za miezi mingi ukishatulia, kuulizwa unameza nini kingine. Mama wa presha anastahili hayohayo niliyonayo mimi.

Mfamasia Moro

Kaka wa Igoma, huyo kijana Mungu ambariki. Na nikudokeze lingine, kwa kuwa unatumia kidonge hicho: ukipewa vidonge vya kalsiamu, vya damu vyenye madini ya chuma, au dawa za kiungulia zile za kutafuna, usivimeze kwa pamoja na dolutegraviri, vinaizuia isiingie mwilini. Meza ya CTC kwanza, hivyo vingine saa mbili baadaye.

Mzee wangu, ile ya kukojoza kamwambie mfamasia wako. Usiimeze kimya, usiiache kimya. Kuna namna ya kuihamisha saa.

BintiWaPongwe

Ndugu zangu, ni wiki ya tano leo. Niliahidi moyoni nitarudi kuandika.

Siku ile ya pili asubuhi tulikwenda, sukari ilikuwa 3.6 hata kabla hatujaonwa. Walimlaza siku moja, glibenklamaidi ikaachishwa palepale. Hajatetemeka tena hadi leo.

Kopo tulilipeleka wiki iliyofuata, saa nane mchana kama dada wa Moro alivyosema. Nilimkuta yuleyule dada wa dirishani, mara hii hana foleni. Kumbe yeye ni mteknolojia wa dawa, akatuita mfamasia kutoka ndani. Tulikaa kwenye chumba kidogo chenye meza na mashine ya presha. Alikitandaza kila kitu juu ya gazeti. Kile kidonge kipana ni kweli, losartani na haidroklorothiazaidi. Alihesabu vidonge vya metformini akagundua mama anakosa kila usiku wa Alhamisi. Mimi nisingelijua kamwe. Alhamisi mama anakwenda kwenye dhikri, anarudi amechoka, analala bila kula, na alishaambiwa asimeze bila chakula. Kwa hiyo alikuwa anatii.

Mitishamba nayo ilitoka. Mama alinitazama mimi kwanza, kisha akatoa chupa kwenye pochi. Maji ya shubiri, anakunywa "kusafisha sukari". Mfamasia hakumgombeza. Alimuuliza kiasi gani na tangu lini, akaandika, akamweleza kwamba inaendesha tumbo na kupoteza madini mwilini, na ikiungana na dawa ya kutoa maji hali inakuwa mbaya zaidi. Mama mwenyewe akaisukuma chupa upande wa pili wa meza.

Aliandika barua ya kurasa moja na nusu kwa daktari wa kliniki, akampigia na simu tukiwa tumekaa. Daktari akaagiza kreatinini; uchujaji wa figo ukaja 52. Akatueleza metformini inaweza kuendelea, ila kila baada ya miezi mitatu apimwe. Leo kwenye kopo kuna vitu vitatu. Kile kidonge kipana asubuhi, amlodipini 5 usiku, metformini 500 baada ya chakula cha saa tano na baada ya chakula cha usiku. Aspirini daktari ameisimamisha, maana mama hajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo. Kwa magoti ni panadoli na dawa ya kuchua, na ameambiwa kazi ya bustani aifanye amekaa kwenye kigoda. Hilo la kigoda ndilo gumu kuliko yote.

Presha juzi 144/82. Sukari ya asubuhi 7.4, wamesema kwa umri wake na alikotoka hiyo hawaihofii, bora kuliko kushuka. Miguu imepungua mpaka amevaa vile viatu vyake vya harusi ya kaka yangu, vilikuwa havimwingii tangu mwaka jana. Alivaa nyumbani tu, akazunguka sebuleni.

Nina maswali mawili yamebaki. Mama anataka kufunga Ramadhani ijayo, mwaka huu hakufunga na ilimuuma sana. Na la pili, zile losartani, furosemaidi na diklofenaki zilizobaki ni nyingi, karatasi nzima nzima. Shangazi ana presha pia, ameomba apewe zisiharibike.

Mfamasia Moro

Mdogo wangu, nimesoma hapo kwenye viatu mara mbili.

Ramadhani: msingoje mwezi uandame. Rudini mwezi wa Rajabu au mwanzo wa Shaabani, daktari na mfamasia waangalie figo na sukari ya miezi mitatu, ndipo waseme kama anaweza. Ile glibenklamaidi kutoka peke yake kumempunguzia hatari kubwa. Wakimruhusu, metformini itahamia futari na daku, na dawa ya presha yenye kukojoza wataiweka baada ya futari ili asikaushwe na jua. Daku aile kwa kuichelewesha, asiiruke. Ajipime mchana, kuchoma kidole hakubatilishi saumu, aondoe wasiwasi huo. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue saa hiyohiyo, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana. Jirani mwenye mashine mwombeni mapema, au nunueni ya kwenu, na muulizie kwanza bei ya vile vibanzi vya kupimia kabla ya kuchagua mashine, maana mashine hununuliwa mara moja tu, vibanzi ni kila mwezi.

Zilizobaki zirudisheni famasi ya hospitali, wana utaratibu wa kuziteketeza. Chooni hapana, shimoni hapana.

Shangazi asipewe hata kimoja. Mwambie aje saa nane mchana, na kopo lake.